Majora 40 ya Dada na Siku Moja ya Guangzhou

LANDOVER, Maryland – Kwa familia nyingi za Waswahili walioko Muscat, Dubai na Doha, Guangzhou si jiji la kwenda kutembea. Ni jiji linaloingia nyumbani kwa njia ya simu. Leo picha ya kitambaa, kesho picha ya makochi, keshokutwa taa za kuning'inia, halafu ujumbe wa sauti wa mtu usiyemjua: tuma arubuni, mzigo uko tayari. Dada yangu mkubwa, mkaazi wa Al Khoud, Muscat, amekuwa akinunua vitambaa vya mabuibui kwa mtindo huo kwa miaka minne. Ana cherehani tano kwenye chumba cha uani na akina mama watatu wanaomsaidia kushona. Si tajiri, ila msimu wa Ramadhani na Idi ndio unaomlipia ada za watoto.

Mwaka jana aliagiza majora 40 ya nida nyeusi. Akina baba ambao hamjui nida ni nini, ni kile kitambaa cha buibui kinachoteleza mkononi, hakikunjamani hovyo na hakionyeshi ndani hata mvaaji akisimama juani. Ipo ya Japani na Korea, ambayo bei yake inakata pumzi, na ipo ya China, ambayo ikiwa nzuri ni nzuri kweli, na ikiwa mbaya mteja anakurudishia baada ya kuifua mara ya kwanza. Bei waliyokubaliana ilikuwa rial 60 kwa jora la mita 50. Jumla rial 2,400. Alishatanguliza arubuni ya asilimia 30, yaani rial 720, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa zamu yake ya mchezo wa akina mama. Rial 1,680 zilizobaki zilitakiwa kabla mzigo haujapakiwa. Ndivyo biashara ya kule inavyokwenda: ukishamaliza kulipa, huna tena cha kumshikia mtu.

Mie naishi huku Landover, nje kidogo ya Washington, na kampuni ninayofanyia kazi ilinituma Hong Kong katikati ya Novemba kwenye maonyesho ya vifaa. Kazi ya siku tatu. Siku ya nne ilikuwa yangu mpaka ndege ya saa 4:30 usiku. Dada alipopata habari hizo hakuniuliza nitakwenda kuangalia nini Hong Kong. Aliniuliza swali moja tu: "Hong Kong na Guangzhou si mlango mmoja?"

Kwa treni, kweli ni kama mlango mmoja. Njia ina urefu wa kilomita 142, ilifunguliwa Septemba 2018, na treni za haraka zinaimaliza kwa chini ya saa moja. Hapa Landover, nikiwa nasubiri treni ya mjini ya Orange Line, huwa naziona treni za Amtrak za kwenda New York zikipita kwenye reli za jirani bila kusimama. Ile ya haraka kuliko zote, Acela, ilipata mabehewa mapya Agosti 2025 yanayoweza kufika kilomita 257 kwa saa, na Wamarekani wakashangilia. China zipo treni za abiria zinazokwenda 350. Waliopanda Haramain kutoka Makka kwenda Madina wanajua kilomita 300 kwa saa inavyokuwa: unaona nguzo za umeme zinakimbia, chai kwenye kikombe imetulia.

Kuhusu viza nasema kwa kifupi, maana ndilo swali la kwanza nililoulizwa niliporudi. Wenye pasi za Oman, Saudia, Kuwait na Bahrain walianza kuruhusiwa kuingia China bila viza tarehe 9 Juni 2025, na wa Emirati wanaingia bila viza tangu 2018. Wenye pasi za Tanzania na Kenya bado wanahitaji viza. Mie nilikuwa nayo ile ya miaka 10 wanayopewa Wamarekani. Masharti haya yana muda wake na yanabadilika, kwa hiyo ulizieni kabla hamjakata tiketi.

Siku yenyewe ilianza saa 1:15 asubuhi kwenye stesheni ya West Kowloon. Uzuri wake ni kwamba uhamiaji wa Hong Kong na wa China uko ndani ya jengo moja, chini ya ardhi. Unagongewa upande huu, unatembea hatua kadhaa, unagongewa upande wa pili. Ubaya wake ni kwamba mistari ni miwili, na mbele yangu kulikuwa na kundi la wazee wa safari ya pamoja, kila mmoja na kofia nyekundu na begi la matunda. Treni yangu ilikuwa ya saa 2:10. Niliingia zikiwa zimebaki dakika 12.

Sehemu yote ya Hong Kong ni handaki, huoni kitu. Unatokea Shenzhen, majengo juu ya majengo, kisha viwanda, mabwawa ya samaki, migomba, viwanda tena. Saa 3 na dakika chache nipo Guangzhou South, stesheni iliyo kubwa kuliko viwanja vingi vya ndege nilivyowahi kupita. Na hapa ndipo msafiri wa siku moja anapoanza kuchezewa na saa, kwa sababu stesheni hii ipo Panyu, mbali na katikati ya mji. Kutoka kwenye behewa mpaka kwenye treni ya chini ya ardhi nilitumia dakika 20. Laini namba 2 mpaka Changgang, nikabadilisha laini namba 8, nikashuka kituo cha Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, jirani na soko la vitambaa la Zhongda. Nauli unalipa kwa simu. Programu ya Alipay inapokea kadi za benki za nje, lakini ifungue na uijaze ukiwa bado nyumbani, usingoje kufika mlangoni na watu wamekupanga mstari nyuma.

Jambo jingine la simu: WhatsApp imefungwa kule. Laini niliyonunua Hong Kong, inayofanya kazi mpaka bara, iliipitisha bila taabu. Bila hiyo laini siku nzima isingekuwa na maana, kwa sababu mwenye mali alikuwa Muscat, nyuma kwa saa nne, ameamka alfajiri na simu mkononi.

Zhongda si soko la kuelezeka. Fikiria Mutrah yote iuze vitambaa tu, halafu uipandishe ghorofa. Pikipiki za umeme zinapita na majora yamepakiwa mpaka juu ya kichwa cha dereva, na hakuna anayepiga honi, unasikia upepo tu. Maduka yenyewe ni vyumba vidogo vya sampuli. Mzigo haupo pale. Hilo ndilo mtu wa picha za simu halijui: unaponunua Zhongda unanunua kipande cha kiganja kilichoning'inizwa ukutani, na jora lenyewe lipo kwenye ghala ambalo hujaliona na pengine muuzaji naye hajaliona.

Nilikuwa nimepanga kukutana na kijana wa Mombasa anayefanya uwakala Guangzhou. Anasema Kichina kama aliyezaliwa kule, na Kiswahili chake bado cha Old Town kabisa. Tuliingia dukani saa 4:10. Mama mwenye duka akatukaribisha chai, akatuonyesha sampuli, akatuambia kila kitu sawa, mzigo umefungwa tayari, tukalipe tu. Nikamwambia wakala amwambie kwamba nimekuja kuuona. Chai ikaongezwa. Nikarudia. Simu zikapigwa. Nusu saa nzima ikapita hivyo.

"Kaka, tulia," akanambia wakala. "Hawa ukiwaonyesha una haraka, wamekumaliza. Sema unalala hapa siku mbili."

Sikusema nalala, sikusema silali. Nikanywa chai.

Hatimaye tukapakiwa kwenye gari kwenda Baiyun, kaskazini ya mji, mwendo wa dakika 50. Njiani wakala alinihadithia kuhusu Xiaobei, mtaa ambao wafanyabiashara wa Kiafrika waliugeuza kuwa wao, wenye jengo la Tianxiu ambalo kila mchuuzi wa Kariakoo wa zama zile analijua. Zamani, alisema, ukikosa mtu wa kula naye ubwabwa Xiaobei basi umekosa mwenyewe. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi walitolewa kwenye nyumba na hoteli zao, wengine wakalala barabarani, habari ambayo dunia nzima iliiona. Wengi waliondoka na hawakurudi. Yeye alibaki kwa sababu wateja wake walianza kuagiza kwa simu, akawa macho yao. "Lakini wengi hawataki kulipia macho," alisema. "Wanataka bei ya chini, halafu wanalia mzigo ukifika."

Ghalani tulifika saa 5:40. Muscat ilikuwa saa 1:40 asubuhi na dada alishapiga mara sita.

Marehemu baba yetu alikuwa fundi cherehani Malindi, Unguja, na alitufundisha sote kushika kitambaa kabla ya kukiangalia. Nilikuwa na kipande cha sampuli ambacho dada aliridhika nacho, kilichokuja Maryland na binamu yetu mwezi wa Oktoba. Nikaomba majora nane, nikachagua mwenyewe kutoka chini na katikati ya rundo, si yale ya juu waliyonisogezea. Kazi ni rahisi na kila mama anaweza kuifanya. Kata kipande kutoka ndani ya jora, si mwisho wake wa nje. Kifinyange kwenye ngumi mpaka uhesabu 60, kisha kiachie uone makunyanzi yanaondoka au yanabaki. Kiinue kwenye mwanga, weka vidole nyuma yake. Lowesha leso nyeupe, sugua. Majora sita yalikuwa yaleyale ya sampuli. Mawili, leso ilitoka nyeusi kama nimefutia chungu, na vidole vyangu niliviona vyote vitano.

Mama mwenye duka akasema ni kitambaa kilekile, ila kimetoka kiwandani siku tofauti. Inawezekana. Mie sikumwita mwizi na hapa simwiti hivyo, kwa sababu naye ananunua kwa mtu. Lakini majora 32 yalikuwa bado yamefungwa kwa nailoni, saa inakwenda, na wao hawakutaka nifungue yote. Kwa haki yao, jora lililofunguliwa halifungiki tena vizuri.

Basi nikaona pale mlangoni mizani ya sakafuni, ya kupimia mizigo ya meli. Kitambaa kizuri cha dada kilikuwa cha gramu 150 kwa mita ya mraba. Jora la mita 50 lenye upana wa mita moja na nusu ni mita za mraba 75, kwa hiyo lazima liwe na kilo 11 na robo, ukiongeza kidogo kwa bomba la karatasi la katikati. Nikapima yale mawili yaliyochuja. Kilo 9 na kitu. Hapo hatukuhitaji tena mkasi. Vijana wawili wa ghalani wakaanza kupandisha jora baada ya jora, wakala anasoma namba, mie naandika kwa kalamu nyeupe kwenye nailoni. Dakika 25 tukamaliza yote 40. Majora 27 yalikuwa ya kilo 11 na zaidi. Majora 13 yalikuwa ya kilo 9.

Nikampigia dada, nikamwonyesha kwa video mafungu mawili yamesimama.

"Hebu nisogezee lile dogo," akasema. Nikamsogezea. Akanyamaza. Nikamsikia anamwambia mtu azime redio. "Wanasemaje?"

Walisema wataleta mengine 13 mazuri baada ya wiki mbili. Wakala akamfafanulia kwamba nafasi yake kwenye kontena la kuchangia ilikwisha lipiwa na meli haimsubiri mtu. Akisubiri wiki mbili, mzigo wote utapanda meli nyingine, na hayo 13 mapya nani atayapima? Akikataa mzigo mzima, arubuni ya rial 720 imekwenda. Akichukua 27 tu, kuna wateja aliowaahidi ambao atawakosa, au anunue kitambaa Muscat kwa bei ya rejareja na faida iishie hapo.

"Mdogo wangu, wewe ungekuwa mie ungefanyaje?"

Nilimwambia fedha ni zake na wateja ni wake, mie naweza kumwambia kilo tu. Pengine alitaka kusikia zaidi ya hapo. Akakaa kimya tena, halafu akasema maneno ya biashara kabisa: "Nachukua 27. Arubuni yangu yote ihesabiwe humo. Hayo mengine wabaki nayo."

Majora 27 kwa rial 60 ni 1,620, ukitoa 720 zinabaki 900. Mama mwenye duka alitaka abaki na arubuni ya yale 13. Hapo wakala alifanya kazi yake, na sikufahamu neno hata moja isipokuwa kwamba sauti zilipanda, zikashuka, zikapanda, kisha kikokotoo kikapita mkono kwa mkono. Kilirudi na hesabu ya rial 930. Dada akasema walipwe. Rial 30 zile ndizo wengine huziita za kuondoshea uso. Nikatia saini yangu kwenye kila jora, kwenye nailoni na kwenye ncha ya kitambaa chenyewe, nikapiga picha moja moja. Wakala akabaki na orodha ili siku ya kupakia azisome saini zote kabla pesa haijatoka.

Ilikuwa saa 8:20 mchana na sikuwa nimekula.

Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya saa 12 jioni. Nilikuwa na nafasi ya jambo moja, na kati ya chakula na msikiti wa Huaisheng nikachagua msikiti, kwani upo njiani. Unashuka Gongyuanqian, unapanda laini namba 1 kituo kimoja tu mpaka Ximenkou, unatembea mpaka mtaa wa Guangta. Mnara wake una mita 36, mweupe, laini, haufanani na mnara mwingine wowote wa China. Zamani, mto ulipokuwa karibu zaidi, mabaharia waliutumia kama taa ya kuingilia bandarini. Wenyeji wanasema msikiti ulijengwa na Saad bin Abi Waqqas, radhi za Allah zimfikie, na kaburi linalonasibishwa naye lipo upande wa Yuexiu. Wanahistoria wanatukumbusha kwamba alifia Hijazi akazikwa Madina. Jengo la leo ni la matengenezo ya karne za baadaye.

Lakini kwamba watu wetu walifika huku, hilo halina ubishi. Vitabu vya Oman vinamtaja Abu Ubaida Abdullah bin al-Qasim, mfanyabiashara wa Kiibadhi wa karne ya 8, aliyesafiri mpaka jiji hili. Na wakaazi wa Muscat mnapita kila siku mbele ya jahazi la Sohar, lile lililowekwa karibu na hoteli ya Al Bustan Palace. Lilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari, likaondoka Muscat Novemba 1980 na nahodha Tim Severin akiwa na mabaharia wa Kiomani, likafika Guangzhou Julai 1981. Miezi saba na zaidi. Niliswali adhuhuri na alasiri kwa pamoja, kasri, na mzee mmoja wa Kichina mwenye kofia nyeupe aliponisikia natoa salamu akanikamata mkono na kunipa tende mbili. Ndicho kilichokuwa chakula changu cha mchana.

Kurudi hakukuwa na hadithi. Treni ilijaa, nililala tangu Humen mpaka Hong Kong, uhamiaji ulichukua dakika 35, na saa 3 kasorobo nilikuwa uwanja wa ndege.

Gharama za siku ile, kwa wanaotaka kupiga hesabu: tiketi ya treni daraja la pili ni kama dola 30 kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Wakala alichukua yuan 400 kwa kutwa nzima, na gari la kwenda Baiyun lilikuwa la mama mwenye duka. Kwa mzigo wa rial 2,400 mimi naona macho hayo ni ya bei nafuu, ingawa dada anasema kama asingekuwa na mdogo wake Hong Kong, asingelipa hata hayo.

Wakala alituma picha siku sita baadaye: majora 27, saini 27, mlango wa kontena nyuma yake. Kwa zile nida 13 zilizopungua, dada alizunguka Ruwi siku mbili, akapata nane kwa rial 85 kila jora, na wateja wawili akawaomba radhi. Juzi ameniuliza kama kampuni itanituma tena Hong Kong mwezi wa Aprili, maana ameona picha za lesi.